Fundi Bomba na Pua ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umewahi kumhitaji. Sinki likiziba, anaitwa. Koki ikivuja, anaitwa. Huingia na mkoba wake wa spana, hupiga magoti, hugonga bomba mara mbili, kisha husema, "Ugonjwa uko hapa." Na kweli ugonjwa huwa hapo.

Mtu mmoja tu alikuwa akimtoa jasho bila kazi: mama mkwe wake.

Si kwamba waligombana. Waliheshimiana kupita kiasi. Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na miwili. Yeye alistaafu, lakini sauti yake haikustaafu. Akikuuliza habari za asubuhi, unajikuta umesimama wima na mikono umeiweka nyuma. Watu waliendelea kumwita Mwalimu Mkuu, hata muuza nyanya.

Fundi alikuwa ameoa kwa miaka tisa. Kwa miaka hiyo yote, mazungumzo yake na mama mkwe yalikuwa haya:

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, Mama. Mvua imenyesha."

"Imenyesha kweli."

Hapo maneno yaliisha, na kila mmoja alianza kutafuta mlango wa kutokea.

Sasa, pua ya Mwalimu Mkuu ilikuwa imeziba kwa miaka sita. Alilala mdomo wazi. Alikoroma mpaka paka wa jirani akahama dirisha. Akitaka kusema "mwanangu," ilitoka "bwanagu," na watu wakang'ata midomo wasicheke. Harufu hakusikia kabisa. Alijipaka manukato bila kujua kiasi, na akipita sokoni watu walipiga chafya kwa zamu.

Mwishowe binti yake alimpeleka hospitali. Daktari alimpiga picha ya kichwa. Ndani ya pua mlikuwa na uvimbe laini, umeziba kila njia. Akafanyiwa operesheni. Hawakumpasua uso. Walipitisha vifaa vyembamba kwenye matundu ya pua, wakatoa uvimbe, wakapanua njia. Baada ya siku chache akaruhusiwa, akaenda kupumzika nyumbani kwa binti yake. Maana yake, nyumbani kwa Fundi.

Alipewa mfuko. Ndani mlikuwa na dawa, chupa laini ya plastiki ya kubinya, pakiti ndogo nyingi za chumvi, na karatasi ya maelezo.

"Hii ni ya kusafishia pua," mke wa Fundi alieleza walipofika. "Asubuhi na jioni. Tunaanza kesho. Nitakusaidia mwenyewe, Mama."

Lakini mke wa Fundi alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Asubuhi yake, kabla jua halijachomoza, simu ililia. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mashati elfu mbili hayakuwa na kola. Aliitwa mbio.

"Mume wangu, msaidie Mama," alisema huku akivaa viatu. "Karatasi hiyo hapo juu ya meza. Kila kitu kimeandikwa. Soma tu, ufuate."

"Mimi?" alisema Fundi. "Pua ya Mama?"

Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Mwalimu Mkuu alitoka chumbani na kanga yake begani. Fundi alisimama wima. Wote wawili waliitazama karatasi pale mezani kama wageni wanaotazama kipande cha mwisho cha mkate.

"Soma wewe, baba," alisema Mwalimu Mkuu.

Fundi aliichukua. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akakohoa.

"Mama, hakuna haja ya karatasi. Kazi hii naijua. Bomba ni bomba."

Mwalimu Mkuu alimtazama. Mtu angetegemea aseme, "Lete hapa nisome mwenyewe." Hakusema. Alisema tu, "Haya. Wewe ndiye fundi."

Wakaingia bafuni. Fundi alifungua koki aliyoifunga kwa mikono yake, akajaza chupa maji ya baridi mpaka juu. Pakiti za chumvi aliziacha mezani, akidhani ni za kutia kwenye uji. Mwalimu Mkuu aliinama juu ya sinki.

Na hapo Fundi aliona tatizo ambalo ufundi haukumfundisha. Ilimpasa kutazama ndani ya pua ya mama mkwe. Aliona si adabu. Basi akafumba macho.

Akiwa amefumba macho, alibinya.

Maji ya kwanza yaliingia sikioni.

"Hapo siyo, baba!"

"Samahani, Mama!"

Alisogeza chupa kwa kukisia, akapata tundu, akabinya kwa nguvu zote, vile anavyozibua sinki la jikoni kwenye hoteli.

Mwalimu Mkuu alitoa sauti ambayo haijawahi kutoka kwa mwalimu mkuu yeyote. Maji yalichoma kama pilipili. Yalipanda mpaka nyuma ya macho, yakashuka kooni, yakatokea mdomoni, yakamlowesha Fundi kifua kizima. Mama wa watu alikohoa, akalia machozi, akashika ukuta.

"Unanizamisha nchi kavu!" alipiga kelele. "Toka nje! Toka na chupa yako!"

Fundi alitoka. Alisimama kwenye korido, maji yakimtiririka, akiwa ameishika chupa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Baada ya muda mrefu Mwalimu Mkuu naye alitoka, taulo usoni. Waliangaliana.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sirudii tena mambo haya. Lakini binti yangu asijue. Atakuja juu."

"Akiuliza je, Mama?"

"Akiuliza, tumesafisha."

Hiyo ilikuwa siri yao ya kwanza katika miaka tisa.

Jioni mke wa Fundi aliporudi, aliuliza kabla hajavua viatu. "Mmesafisha?"

"Tumesafisha," walijibu kwa pamoja, haraka mno.

"Basi ya jioni nitakusaidia, Mama."

"Usijisumbue, bwanagu. Umechoka. Mkwe wangu amenifundisha vizuri. Naweza mwenyewe."

Mwalimu Mkuu alijifungia bafuni, akafungulia koki, akasimama pembeni. Kila baada ya muda alisema "Aaaa" kwa sauti kubwa ili asikike. Fundi aliketi sebuleni akitazama miguu yake. Mkewe alitabasamu. "Unaona? Nilikuwa na wasiwasi bure."

Siku nne zilipita hivyo. Koki ilifunguliwa asubuhi na jioni. "Aaaa" zilisikika. Pua haikuona tone la maji.

Siku ya tano, Fundi aliamshwa na harufu.

Alisimama katikati ya sebule, akavuta hewa. Lo! Harufu ya kitu kilichooza. Fundi alijisikia aibu. Nyumba ya fundi bomba inanuka! Wateja wakisikia watasemaje?

Siku hiyo hakwenda kazini. Alifungua bomba lililopinda chini ya sinki la jikoni, akalisugua. Harufu ikabaki. Akafungua la bafuni. Ikabaki. Akatoka nje, akafunua kifuniko cha chemba ya maji taka, akaingiza kichwa. Chemba ilinuka kichemba tu, harufu anayoijua kama jina lake. Akarudi ndani, akasogeza kabati akitafuta panya aliyekufa.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi kwenye kochi akimtazama. Macho yalikuwa mazito. Alikuwa ameshika paji la uso.

"Unatafuta nini, baba?"

"Harufu, Mama."

"Mimi sisikii harufu yoyote."

Fundi alipiga magoti. Alifuata harufu kama anavyofuata bomba linalovuja ndani ya ukuta, hatua kwa hatua. Ilikuwa ndogo mlangoni. Ikakua mezani. Ikakua zaidi karibu na zulia. Alipoinua kichwa, alikuwa amefika miguuni pa mama mkwe.

Akavuta hewa mara moja tu. Ugonjwa ulikuwa hapo.

Sasa mtu anamwambiaje mama mkwe jambo kama hilo? Fundi alisimama, akajipangusa magoti.

"Mama, mvua imenyesha," alisema.

Nje jua lilikuwa linawaka. Fundi alitoka mbio.

Nyumba ya pili aliishi muuguzi. Mtaani walimwita Sista Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alikuwa anaanika nguo zake za kazi.

"Sista," alisema Fundi akihema, "kwangu kuna harufu, na haitoki kwenye bomba."

"Taratibu. Inatoka wapi?"

Fundi alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaonyesha pua yake mwenyewe kwa kidole, akaonyesha upande wa nyumbani kwake.

Sista Taratibu aliacha kuanika. "Mama mkwe wako si amefanyiwa operesheni ya sainasi? Mnamsafisha pua?"

Fundi alitazama ndoo ya nguo. Kisha siri ya siku tano ikamtoka yote kwa mkupuo: maji ya baridi, macho aliyoyafumba, sikio, zile "Aaaa."

Sista alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Ulitumia maji ya bomba moja kwa moja?"

"Ndiyo. Maji yangu ni safi, Sista! Mabomba yale nimeyafunga mwenyewe. Sisi tunayanywa."

"Ya kunywa ni jambo jingine. Ukiyanywa, yanakwenda tumboni, na tumbo lina nguvu ya kuua vijidudu vingi. Pua haina nguvu hiyo. Kuna vijidudu ambavyo vikiingia puani vinaweza kuleta ugonjwa mkubwa, hata wa kuua. Maji ya puani lazima yawe yamechemshwa kwanza. Na bila chumvi yanachoma. Twende nikamwone."

Walipofika, mke wa Fundi alikuwa amerudi mapema kutoka kazini. Alisimama jikoni. Sinki lilikuwa wazi, mabomba sakafuni, kabati katikati ya njia.

"Fundi!" alisema. "Tumehama au tunahamia?"

"Taratibu," alisema Sista. Akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Shikamoo, Mama. Una homa? Macho yanaona vizuri? Hayajavimba? Shingo haijakakamaa?"

"Marahaba. Naona vizuri. Homa sina. Kichwa kinauma, na uso mzito."

"Damu inatoka nyingi? Au maji meupe kama ya kunywa yanadondoka puani bila kukoma?"

"Hapana."

"Ungeniambia ndiyo kwa lolote kati ya hayo, tungekwenda hospitali sasa hivi. Ngoja niwapigie simu kliniki."

Aliongea kwa simu kwa muda, kisha akaikata. "Wamesema usafishwe leo, na kesho asubuhi daktari akuone."

"Sisafishwi," alisema Mwalimu Mkuu. "Nimeshazamishwa mara moja. Inatosha."

Mke wa Fundi alifungua mdomo. "Mara moja? Mama! Na zile Aaaa?"

Mwalimu Mkuu alitazama dari. Fundi alitazama dari hiyo hiyo.

Sista aliketi karibu na mama. "Sikiliza, Mama. Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vidogo vya hewa. Ndivyo vinaitwa sainasi. Kila chumba kina kijilango kinachofungukia puani. Milango yako ilikuwa imeziba. Daktari ameipanua. Lakini kwa sasa ile milango ni vidonda vibichi. Damu na makamasi vikibaki pale, vinakauka na kuwa magamba. Magamba yanaziba njia, uchafu unakaa nyuma yake, unaoza. Vidonda vinaweza kushikana, mlango ukafunga tena. Ukifika huko, operesheni inarudiwa."

"Inarudiwa?" Mwalimu Mkuu aliketi vizuri.

"Ndiyo maana tunasafisha. Maji yanalainisha magamba na kuyatoa taratibu."

"Kwa hiyo ni bomba jipya," alisema Fundi polepole, "gundi haijakauka, na mimi nikafungulia maji kwa nguvu zote."

"Sasa umeelewa. Leteni ile karatasi." Sista aliipokea, akampa Fundi. "Nisomee hapa panaposema maji."

Jasho lilimtoka Fundi kwenye paji.

"Ma-ji," alisoma, kidole chini ya herufi. "Ya-li... yo... che-msh..."

Mwalimu Mkuu aligeuza kichwa. Sauti hiyo aliijua. Aliisikia madarasani kwa miaka ishirini na miwili.

"Baba," aliuliza, safari hii kwa upole, "uliishia darasa la ngapi?"

"La nne, Mama."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi ile?"

"Ningeanzia wapi kumwambia mwalimu mkuu?"

Mwalimu Mkuu alishusha pumzi. "Na mimi mbona hukuniuliza kwa nini sikusoma mwenyewe?" Akatoa miwani mfukoni. "Pua inauma. Miwani haikai. Bila miwani karatasi hii kwangu ni ukungu mtupu. Nikaona haya kusema."

"Kumbe!" alisema mke wa Fundi. "Karatasi ilikuwa na watu wawili, na hakuna hata mmoja aliyeisoma!"

Akaanza kucheka yeye, akafuata Sista. Mwalimu Mkuu akacheka huku ameshika uso, "Msinichekeshe, inauma!" Fundi alicheka mwisho, baada ya kuhakikisha anaruhusiwa.

Fundi akarudishia mabomba ya sinki, kisha kazi ikaanza. Sista alinawa mikono kwa sabuni, akamnawisha na Fundi, na safari hii Fundi alisugua mpaka kucha. Walichemsha maji kwenye sufuria safi. Yalipotokota kabisa, Sista aliyaacha yaendelee kutokota dakika chache. Akafunika, wakasubiri yapoe yenyewe.

"Nisiongeze ya baridi kidogo, tuwahi?" aliuliza Fundi.

"Ukiongeza ya koki, umeharibu yote. Subiri."

Yalipofika vuguvugu, Sista aliyadondosha kwenye kiganja kuyapima. Akajaza chupa mpaka kwenye mstari, akatia pakiti moja ya chumvi, akatikisa.

"Moja tu?"

"Moja. Imepimwa ilingane na mwili. Ndiyo maana haichomi. Mama, inamia sinki. Mdomo wazi. Pumua kwa mdomo. Usiongee, usimeze. Ukitaka, sema Aaaa."

"Hiyo ameshafanya mazoezi ya kutosha," alisema binti yake.

"Fundi, fungua macho. Binya taratibu, kama unambinyia mtoto chuchu ya chupa ya maziwa. Nusu huku, nusu upande wa pili."

Fundi alifungua macho. Akabinya kidogo. Maji yaliingia tundu la kulia. Wote walisubiri kelele. Hazikuja. Yakaanza kutoka tundu la kushoto, kwanza matone, kisha mkondo mwembamba. Yalikuwa na rangi ya waridi.

"Damu!" alisema Fundi.

"Rangi kidogo ni kawaida. Endelea."

Kisha kikatoka kipande. Kilikuwa cheusi, kirefu kama kidole cha mtoto. Kilianguka kwenye sinki, kikakaa.

"Yesu na Maria," alisema mke wa Fundi, akatoka nje.

Fundi alikitazama kwa heshima. "Nimezibua mabomba ya hoteli nne," alisema, "lakini kitu kama hiki sijapata kukitoa."

Mwalimu Mkuu aliinuka. Macho yalikuwa yamemtoka. Alivuta hewa kwa pua, polepole, kwa mara ya kwanza katika miaka sita.

"Inapita," alisema. "Jamani, hewa inapita!"

Alitaka kupenga kamasi. Sista akamshika mkono. "Usipenge mpaka daktari aseme. Acha yadondoke, futa tu. Chafya ikija, fungua mdomo. Usiinue vitu vizito. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili. Maji yaliyobaki kwenye chupa yamwageni. Chupa ioshwe kwa sabuni, isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, ianikwe ikauke."

Kesho yake daktari alitoa magamba mengine na kumbadilishia dawa. Aliwaambia wamewahi. Wangechelewa wiki mbili zaidi, maneno yangekuwa mengine.

Tangu siku hiyo, bafu la Fundi likawa darasa. Kila asubuhi maji yakichemka, Mwalimu Mkuu aliketi kwenye kigoda na Fundi alisimama na karatasi.

"Soma."

"Na-wa mi-ko-no kwa sa-bu-ni."

"Unganisha, baba. Usikatekate kama unakata bomba."

"Nawa mikono kwa sabuni."

"Saba kwa kumi. Endelea."

Wiki ya tatu karatasi ilikuwa imechakaa, na Fundi alikuwa anaisoma bila kidole. Akaanza kusoma maandishi ya boksi la dawa. Akasoma mfuko wa saruji, pande zote mbili. Walizungumza mambo mengi sasa, yeye na mama mkwe, mpaka mkewe akalalamika kwamba hapati nafasi ya kusema. Usiku nyumba ilikuwa kimya. Mwalimu Mkuu alilala amefunga mdomo. "Mwanangu" ilitoka "mwanangu."

Harufu tu ndiyo haikurudi. Daktari alisema huchukua muda, na kwa wengine hairudi yote. Mwalimu Mkuu alinusa sabuni, akanusa kitunguu, akanusa viatu. Hakuna. "Si neno," alisema. "Napumua." Lakini binti yake aliona anavyokaa na kitunguu mkononi muda mrefu.

Wiki ya sita, Fundi aliitwa kwenye jengo moja la ghorofa. Bomba kubwa la maji taka lilikuwa limepasuka. Aliingia shimoni saa mbili asubuhi, akatoka saa kumi. Wenye jengo walimshukuru kwa mbali. Njiani watu walivuka barabara. Alipofika nyumbani alipita uani, akitaka kujipenyeza mpaka bafuni.

Mwalimu Mkuu alikuwa uani anakunja nguo. Aliganda, shati mkononi.

"Baba, simama hapo hapo!"

Fundi alisimama wima. "Samahani, Mama. Naenda kuoga sasa hivi."

"Nyamaza. Sogea."

"Mama, nisisogee. Leo nimechafuka mno."

"Nimesema sogea!"

Fundi alisogea hatua moja. Mwalimu Mkuu alifumba macho, akavuta hewa kwa pua mpaka mabega yakapanda. Uso ulimkunjamana. Akaziba pua kwa kiganja, akaiachia, akavuta tena. Machozi yalianza kumtiririka.

"Unanuka!" alisema. "Mwanangu, unanuka vibaya sana! Wewe binti, njoo! Mume wako ananuka!"

Mkewe alitoka mbio, akafika mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu. Kisha akaelewa. Akashika mashavu.

Fundi alisimama kati yao, hajui kama acheke au aombe radhi. "Basi nikaoge, Mama," alisema.

"Thubutu!" alisema Mwalimu Mkuu, akijifuta machozi kwa shati safi alilokuwa analikunja. "Usioge kwanza. Kaa hapo kwenye kigoda mpaka nimwite Sista."